Fulana Nyuma ya Jiko

Kibanda cha Vranitsa, mlimani
Jumatatu, 9 Januari 1984

Kwa mwenye fulana ya sufu ya kahawia, popote ulipo huko mjini,

Salamu nazizuia kwanza, maana sijui kama unazistahili. Jana mlipoondoka, ninyi wanaume wa Chama cha Wapanda Mlima, nilifungua madirisha yote ya kibanda katika baridi ile ya kupasua mawe, nikaketi nje na mbwa mpaka hewa ya ndani ibadilike. Nikarudi. Harufu ipo pale pale. Nikadhani panya amekufa. Nikasogeza benchi, nikachungulia nyuma ya jiko, nikaiona: imebanwa kati ya vigae na ukuta, upande mmoja umelowa, upande wa pili umekauka kama ngozi ya samaki.

Niliitoa kwa koleo la makaa. Mimi nimekua zizini, nimekamua kondoo wanaohara, na marehemu mume wangu alikuwa mtengeneza jibini. Sishtuki ovyo. Lakini fulana hii! Ina kikwapa cha miaka. Ina kitunguu saumu, ina pombe kali ya rakia iliyomwagika, ina mafuta ya nguruwe, na chini ya hayo yote, kama mwenyekiti wa kikao, ameketi beberu. Mbwa aliinusa mara moja akaenda kulala kwenye theluji.

Na kosa ni lenu nyote. Mnaanza kupanda mkiwa mmevaa kila mlichorithi: singlendi ya pamba, fulana, shati, sweta juu ya sweta, koti, gazeti kifuani, na taulo mgongoni ambalo mama zenu wamewachomeka kama watoto wa chekechea, eti upepo usiwapige. Mnafika hapa mnachuruzika kama jibini linalokamuliwa. Kisha mnavua, mnatundika mizoga yenu juu ya jiko langu, jiko lile lile ninalopikia maharagwe. Wiki iliyopita tone lilidondoka ndani ya sufuria. Nililiona kwa macho yangu. Mlikula. Mkasifia.

Mwenye mali ajitokeze kabla ya Jumapili. La sivyo naitia motoni, ingawa nalionea huruma bomba la moshi. Radoy, bwana misitu, ataibandika barua hii mlangoni kwa kinyozi, ambako hakuna mwanamume asiyepita.

Dimana Kaleva, mtunza kibanda


Mjini, Ijumaa, 13 Januari

Bi Dimana mheshimiwa,

Barua yako imebandikwa mlangoni kwangu tangu juzi. Kinyozi ni mimi. Imesomwa kwa sauti mbele yangu na kila aliyeingia, na kila aliyeketi kitini alicheka mpaka nikaogopa kumkata sikio. "Masikini mke wa mtu huyo!" walisema. Nikacheka pamoja nao, wembe mkononi, uso ukiwaka moto. Fulana ni yangu.

Huenda wanikumbuka. Mimi ndiye yule mnene aliyekwama kwenye mlango wa choo chako mwaka juzi kwa sababu ya wingi wa sweta, wakanivuta wawili. Naitwa Nayden Gavazov. Nina miaka hamsini na miwili, na ninanyoa wengine vizuri kuliko ninavyojinyoa mwenyewe.

Nakusihi usiichome. Tena nakusihi zaidi: usiifue.

Aliifuma mke wangu, Zlatina. Huu ni msimu wa tatu wa baridi tangu tumzike. Naishi na mama yake, Bibi Stamena, ambaye macho yamemwishia. Mwanga anauona, sura hazioni. Kila Jumapili kabla sijatoka ananisimamisha mlangoni. Anapenyeza mkono chini ya mashati yangu na kuipapasa fulana ile mshono kwa mshono. Halafu ananichomeka taulo mgongoni, ananisukuma: "Haya, nenda, usije ukapigwa na upepo." Picha za mwanawe zipo ukutani lakini hazimfai kitu tena. Fulana ile ndiyo picha yake.

Ndiyo maana haijaguswa na maji tangu msiba. Unajua wazee wetu: sufu ikifuliwa wakati wa baridi, joto lake linaondoka na maji. Nikifikiria kumwambia mama mkwe, "Mama, mwanao ananuka," ulimi unaniganda. Basi navaa. Unayosema kuhusu beberu ni kweli tupu, Bi Dimana, na wewe umemnusa siku moja tu. Mimi niko ndani yake. Kuna mahali kwenye mteremko nainua kidevu juu kutafuta hewa kama mtu anayezama.

Jumapili ile fulana ilikuwa imelowa sana, nikavaa shati kavu, nikaiweka ikauke kidogo, wakaanza kuimba, nikasahau. Mama hajajua. Akijua imepotea, sijui kama atavuka msimu huu. Itunze tu. Nitapanda Jumapili kuichukua, na nitakuletea kolonya upulizie kibanda chako.

Kwa aibu nyingi,
Nayden, kinyozi


Vranitsa, Alhamisi, 19 Januari

Bwana Nayden,

Barua yako nimeipata jana tu. Radoy alizuiwa na dhoruba. Pole kwa mkeo. Sikujua.

Fulana ipo. Usiwe na wasiwasi nayo.

Usipande wiki hizi. Theluji imening'inia juu ya njia na Radoy ameifunga kwa kuogopa maporomoko. Yeye peke yake ndiye anapita, kwa skii, upande wa msituni. Kama huwezi kukaa nyumbani, tembea kwenye vilima vya chini, lakini uvae kama mtu mwenye akili. Juu ya ngozi, sufu nyembamba, si pamba, maana pamba ikinywa jasho haitemi. Inakulalia mgongoni kama chura. Juu yake sweta moja linalopwaya. Juu kabisa, kitu cha kuzuia upepo. Uanze safari ukihisi baridi kidogo. Ukipasha mwili, vua kabla jasho halijatoka. Ukisimama, vaa kabla hujatetemeka. Na taulo liache kwenye beseni. Wenzako nimewaambia haya miaka yote, wananijibu, "Mama kasema."

Nikuulize jambo. Kifua chako kina upana gani? Na fulana ile, kabla haijachakaa, shingo yake ilikuwa imekunjwa au imemaliziwa wazi? Nauliza tu. Sisi tunaofuma hupenda kujua kazi ya mwenzetu.

Dimana


Mjini, Jumanne, 24 Januari

Bi Dimana,

Sijaulizwa upana wa kifua changu na mwanamke yeyote tangu nilipovalishwa sare za jeshi, na siku hizo kilikuwa bado kifua. Sasa kimeteremka kikawa kitambi. Nimejipima kwa kamba, nimeifunga pamoja na barua hii; usicheke mbele ya Radoy. Shingo ilikuwa imekunjwa. Nilisoma swali lako mara kadhaa na nikajitia kolonya kabla ya kukujibu, nikijua kabisa barua hainusi. Mwanamume akikaribia uzee hana tofauti na jogoo aliyenyonyolewa: bado anawika.

Lakini mzaha ubaki hapo. Jumapili ya kwanza dhoruba ilinifungia nyumbani, lakini juzi Jumapili nilijaribu kutoka kupitia mlango wa jikoni. Mama alikuwa amekaa huko huko, kwenye kigoda, ananisubiri.

"Njoo hapa, mkwe wangu."

"Mama, nimechelewa, wenzangu wananingoja."

"Mlima umeanza kutembea? Njoo."

Akapenyeza mkono. Ukasimama pale kwenye shati. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na moyo wangu nadhani aliusikia kwa vidole.

"Iko wapi?"

"Nimeitundika, Mama. Ipate hewa."

"Wapi?"

"Juu. Kibandani. Wanaitunza vizuri."

Akautoa mkono, akaufuta kwenye aproni, akaufuta tena. Kisha akasema, "Siku ya Marehemu inakuja. Siku hiyo nataka niishike, ndipo niende makaburini. Kwenda kwa mwanangu mikono mitupu siwezi." Tangu hapo anakula supu nusu bakuli, nusu anampa paka, akidhani sioni.

Siku ya Marehemu ni Jumamosi, tarehe ishirini na tano mwezi ujao. Tafadhali mpe Radoy aiteremshe. Hata kama inanuka, inuke.

Nayden


Vranitsa, Jumatano, 8 Februari

Bwana Nayden,

Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi mkononi, na kwa sababu ya woga.

Ile Jumatatu niliyoandika barua ya kwanza, nilisema ningengoja Jumapili. Sikungoja. Nilishindwa. Niliiweka ghalani, harufu ikapita chini ya mlango. Niliitundika nje, usiku ikaganda, asubuhi jua likaipiga ikaanza kuyeyuka, na kile kilichokuwa kikidondoka kutoka kwenye mikono yake, Bwana Nayden, kilikuwa na rangi. Nilitapika. Nikajiambia, mwenye kitu hiki hata akijitokeza atanishukuru. Nikakitia kwenye pipa la maji yanayochemka, pamoja na majivu na sabuni ya kufulia magunia, nikakikoroga kwa mti kama anayepikia nguruwe. Maji yalitoka meusi. Nikamwaga, nikachemsha tena.

Wewe hujui kufuma lakini mkeo angekuwa ameshapiga kelele. Sufu haichemshwi. Ilipotoka ilikuwa imejikaza na kunywea ikawa nene kama buti, na ndogo kama ya mtoto wa shule. Barua yako ilifika siku chache baadaye, na uliposema "usiifue" nilikaa kwenye ngazi, barua mkononi.

Nimefuma nyingine. Sufu ya kahawia isiyotiwa rangi, kama ile. Kamba yako ilinipa kipimo. Nimeikwaruza kwenye jiwe ichakae. Na jambo litakalokuchekesha, ingawa mimi halinichekeshi: ilikuwa inanuka vizuri mno. Basi mimi, niliyewatukana mbele ya mji mzima, nimeilaza siku nne chini ya ngozi za kondoo ghalani, nikaisugua kitunguu saumu, nikaivisha usiku kucha mwili wa mpasuaji kuni mmoja aliyekwama huku juu tangu njia ifungwe, ambaye haogi mpaka Pasaka. Nikaifunga kwenye karatasi nikiwa nimebana pua kwa kibanio cha nguo. Nimejichukia sana. Inanuka kama yenu.

Radoy anakuletea. Mpe aishike.

Ile ndogo ninayo. Sijathubutu kuituma.

Dimana


Mjini, Jumatatu, 20 Februari

Bi Dimana,

Sikukasirika. Nilitaka, nikashindwa, mtu aliyeivaa misimu mitatu bila kuifua hana haki ya kumkasirikia aliyetapika.

Jana niliivaa. Nilisimama mwenyewe mlangoni bila kuitwa, jambo ambalo ningepaswa kujua lingemtia shaka. Mama akaja taratibu, akapenyeza mkono. Alipapasa kifuani, akapapasa shingoni, akashuka ubavuni, akarudi juu kwapani, akakaa hapo muda mrefu. Nilikuwa natoka jasho kabla hata sijaanza kupanda, kinyume kabisa cha mafundisho yako.

"Wameitunza," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Haya, nenda."

Basi. Nikaenda vilima vya chini. Nilivaa ulivyoniagiza, nikavua kwenye mwinuko, nikavaa kileleni, na kwa mara ya kwanza maishani nimerudi nyumbani nikiwa mkavu. Wenzangu walikuwa wanatoa mvuke kama farasi. Ningefurahi kama nisingekuwa ndani ya fulana ya uongo yenye kikwapa cha mtu nisiyemjua. Nilijisikia kinyaa, Bi Dimana, na si kwa sababu ya harufu. Nimemdanganya kipofu kwa vidole vyake mwenyewe. Jioni alikula supu bakuli zima, nami sikuweza kumtazama akila.

Ile ndogo usiitupe. Njia ikifunguliwa nitaifuata.

Nayden


Mjini, Jumanne, 21 Februari

Dimana, binti,

Mimi ni Stamena, mama yake Zlatina. Ninasema na Radoy anaandika. Nimemwambia asitie sukari, ameapa. Mkwe wangu yuko kazini, hajui.

Umefuma vizuri. Mkono wako umelegea na uko sawa, mkono wa mtu mwenye subira. Mwanangu hakuwa nayo. Alikuwa anakaza uzi mpaka sindano zinalia, na kwenye kwapa la kushoto alikuwa akiruka mshono, kila nguo, tangu utotoni. Nilimchapa vidole kwa ajili ya kwapa hilo la kushoto na hakujifunza. Kila Jumapili kidole changu kinakwenda kwenye tundu lile. Juzi nimelitafuta, sikulipata. Nikanyamaza, maana mkwe wangu alikuwa anatetemeka kama kondoo anayekatwa sufu, na mwanamume mzima akitetemeka hivyo humwongezei mzigo. Nilimsubiri Radoy nikamkamua mpaka akasema yote. Usimlaumu. Nilimkamua kwa rakia.

Sasa unisikilize. Nani kasema mimi sikutaka ifuliwe? Mimi! Mimi ninayefua hata kamba za mbuzi! Msiba ulipokwisha niliona fulana haitoki mwilini mwake, haendi nayo kwenye beseni, nikasema, aha, mgane huyu anamtafuta mkewe ndani ya harufu ile. Stamena, ziba pua, usimwondolee mtu alichobakiwa nacho. Nikaziba. Kila Jumapili nilibana pumzi kabla ya kupenyeza mkono, na akishatoka nilinawa kwa siki mpaka kwenye kiwiko. Kuna siku mchuzi wa asubuhi ulinirudi kooni. Harufu ile haikuwa ya mwanangu. Mwanangu alikuwa mtu safi! Ilikuwa ya kinyozi mnene anayekula kitunguu saumu. Nyumba moja, misimu mitatu, tumeketi na mzoga katikati yetu, kila mmoja akimstahi mwenzake.

Na huo uvundo uliotengeneza wewe, pole kwa kazi. Ulikuwa mbaya sana. Lakini ulikuwa wa mtu mwingine kabisa. Kipofu si kiziwi wa pua.

Niletee ya mwanangu kabla ya Jumamosi. Kama inamtosha paka tu, niletee. Tundu la kwapa halichemki likapotea.

Stamena

(Mimi Radoy naongeza: bibi analia na anacheka kwa pamoja, sijui niandike lipi.)


Vranitsa, Alhamisi, 23 Februari

Mama Stamena,

Hii hapa. Nimeifunga kwenye kitambaa cha kitani. Nisamehe.

Dimana


Mjini, Jumatatu, 27 Februari

Bi Dimana,

Umenificha jambo na mama mkwe wangu kanificha jambo, na Radoy, ambaye nimemnyoa bure tangu ujana wake, kanificha mawili. Haidhuru. Mimi ndiye niliyeanzisha mchezo huu.

Ijumaa jioni nilirudi nikamkuta Mama mezani na kifurushi. Alikuwa hajakifungua.

"Kaa," akanambia. "Fungua wewe. Mimi naogopa."

Nilifungua. Nikaona kitu kidogo, kigumu, cha kahawia, na nikajua. Yeye akakichukua, akakipeleka puani. Alinusa sana.

"Majivu na sabuni," akasema. "Basi. Haina harufu kabisa. Hakuna mtu humu."

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini, mpumbavu wewe? Misimu mitatu! Ungesema, 'Mama, kitu hiki kinanuka'!"

"Na wewe ungesema!"

"Mimi naishi nyumbani kwako."

"Mama, nyumba hii ulijenga wewe na mumeo!"

"Ehe. Hilo nalo nilikuwa nimelisahau kwa sababu ya kuziba pua."

Tulicheka, Bi Dimana, kicheko kibaya, cha watu waliokula kitu kichafu kwa adabu mpaka kikaisha sahanini, ndipo kila mmoja akagundua mwenzake pia alikuwa anajilazimisha. Nikamwambia kuhusu lile tone la jasho uliloliona likidondoka ndani ya maharagwe. Akasema aliyajua maharagwe hayo, mumewe alikuwa mwanachama wa hawa wapanda mlima.

Kisha kidole chake kikaanza kutembea juu ya fulana. Kilikwenda kwapa la kushoto. Pamekuwa pagumu kama kwato, lakini tundu lipo, dogo kama la sindano. Kidole hakiingii. Akaweka kucha pale akaiacha.

"Haikuenei tena," akasema.

"Hata mkono mmoja hauingii, Mama."

Akasimama, akavua sweta lake, akavua la chini, akabaki na gauni la ndani, mabega kama ya kuku. Sijawahi kumwona alivyopungua. Siku zote namwona ndani ya nguo zake. Akainua mikono. "Nivishe," akasema, "usinitazame."

Nilimvisha. Ilimkaa, Bi Dimana. Mabegani, kiunoni, mikononi, kana kwamba ulimpima kwa kamba. Akajipapasa kifua, akajipapasa ubavu.

"Na mimi nimechemshwa," akasema. "Ndiyo maana."

Jumamosi tulikwenda makaburini. Asubuhi theluji ilikuwa inapiga ubavuni, watu wanaharakisha kugawa ngano ya kuchemsha ya marehemu na kurudi majumbani. Nilimvika juu ya fulana ile kama ulivyonifundisha: sweta linalopwaya, kisha koti la kuzuia upepo. Tulimwaga divai, tukawasha mshumaa, ukazimika, tukauwasha tena. Nikadhani tumemaliza. Ndipo nikamwona anahangaika na vifungo vyake, vidole vimekufa ganzi. Alifungua koti. Akainua sweta mpaka kidevuni, akasimama mbele ya jiwe la Zlatina kifua wazi kwa dhoruba, fulana ya kahawia peke yake.

"Mama, utaganda!" nikamwambia, nikataka kumfunika.

Akaupiga mkono wangu.

"Subiri," akasema. "Hajamaliza kuangalia."

Nayden